Mkwe Aliyeomba Moorstede Wafungwe

Dakika ya themanini na tisa, Eckhard alifumba macho akamwomba Mungu Moorstede wafungwe bao moja tu. Kati ya mashabiki elfu kumi na nne waliojazana uwanjani wakiwa wamevaa kijani, hakuna mwingine aliyethubutu kuomba dua ya namna hiyo.

Si kwamba aliichukia timu. Alikuwa amechoka. Kwa miaka thelathini na mmoja, iwe mvua, theluji au upepo wa kukata masikio, kila Jumamosi ya mechi alisimama kwenye jukwaa lile lile kando ya baba mkwe wake, Mzee Hinnerk, akitazama mchezo ambao hajawahi kuuelewa. Wengine wakipiga kelele, naye hupiga. Wakimtukana refa, naye humtukana, bila kujua maskini yule kakosa nini.

Yalianza wiki ya harusi. Mkewe, Wiebke, alimkalisha jikoni akamwambia, "Tangu mama afariki, baba hana kitu kingine ila mpira. Ndiyo pumzi yake. Nenda naye, mume wangu, usimwache mpweke."

Eckhard akaenda. Toka siku hiyo Wiebke hakukosa hata mara moja kuwafungia mikate yao ya soseji, kuwabusu wote wawili na kuwapungia mkono mlangoni mpaka wapotee kwenye kona.

Faraja yake ilikuwa moja: Moorstede ilikuwa timu mbovu. Alijipa moyo kwamba siku ikishuka daraja mara moja zaidi, mzee atakata tamaa, na yeye atabaki na nyanya zake bustanini. Badala yake akaja kocha mmoja aliyewahi kufundisha hesabu sekondari, na kipa aliyekuwa fundi bomba. Wakapanda daraja. Wakapanda tena. Mwaka huu vigogo wa Ujerumani, wenye wachezaji wa bei ya kutisha, walikuja Moorstede mmoja mmoja wakaondoka vichwa chini. Leo ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, bado sare; sare ilitosha kuwapa ubingwa, bao moja lingewanyima.

Redioni waliuita muujiza. Kwa Eckhard ulikuwa msiba. Ubingwa maana yake Kombe la Ulaya, na Kombe la Ulaya huchezwa katikati ya wiki.

"Eckhard, umepauka kama chokaa!" alimcheka jirani yao wa jukwaani, mama mmoja mnene aitwaye Traute. "Usitufie hapa kabla ngao ya ubingwa haijaletwa!"

"Ni furaha tu," alijibu Eckhard.

Mzee Hinnerk alikuwa kashika chuma cha jukwaa kwa mikono miwili. "Wameongeza ngapi?"

"Dakika nne, baba."

"Mungu wangu," mzee akaguna.

Dakika ya mwisho wageni walipata kona. Mpira ukapigwa kichwa, ukagonga mwamba, ukadunda mstarini. Eckhard akashika kifua. Kipa fundi bomba akaufukuzia mbali huko, na refa akapuliza filimbi.

Moorstede mabingwa!

Watu wakamiminika uwanjani. Wengine waling'oa nyasi wakazitia mifukoni. Traute alimbusu polisi. Mzee Hinnerk akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso, akalia mpaka mabega yakamtikisika.

Eckhard alimwinamia akamkumbatia. Alishakubali yaishe. "Lia tu, baba. Umeisubiri siku hii maisha yako yote."

Mzee aliinua uso uliolowa. "Eckhard, mwanangu, utanisamehe kweli?"

"Nikusamehe nini?"

"Nina miaka themanini na minne. Magoti yameisha. Hizi Jumamosi peke yake zilikuwa zinaniua, leo wananiongezea na Jumatano! Siwezi tena. Hata kama ni kwa ajili yako, siwezi."

"Kwa ajili yangu?"

"Mlipooana, Wiebke aliniambia huna rafiki hata mmoja mjini, mpira ndiyo pumzi yako. Akanisihi nisikuache mpweke. Mimi ni mtu wa karata, mwanangu. Huu mpira mpaka leo sijui refa anapuliza nini."

Eckhard akaketi taratibu pembeni yake. Walitazamana, kila mmoja na skafu yake ya kijani shingoni.

Simu ya Eckhard ikaita. Alikuwa Wiebke. Nyuma yake palisikika muziki, glasi zikigongana na wanawake wengi wakicheka.

"Hongereni, wapenzi wangu!" alisema. "Msiharakishe kurudi, furahieni. Na nina zawadi yenu: nimeshawawekea nafasi mechi zote za Ulaya, za nyumbani na za ugenini!"