Mstari wa Kahawia

Katika nyumba zote za Manyoni, waya mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, kama zamani. Kilichoongezeka ni mstari wa rangi ubavuni mwa waya, maana umeme wa jua siku hizi hugawiwa kwa kichwa, na kila mtu ana rangi yake. Ofisi ya Jua humchagulia anapozaliwa. Ndani ya nyumba moja, rangi hulisha mtu mmoja tu, yule aliyeungwa mwisho.

Fundi Nyamizi alikuja asubuhi kumfungia waya mtoto mchanga wa Nkwimba. Alipofungua boksi la ofisi, alikuta mstari wa kahawia. Akainua macho kuutazama waya unaoingia chumbani kwa Bibi Sikudhani, mama mkwe wa Nkwimba. Nao ulikuwa wa kahawia.

"Watakuwa wamekosea," Nkwimba alisema.

"Huwa hawakosei," fundi alijibu. "Huwa wanawahi."

Bibi alikuwa mlangoni akipeta mchele. Desturi ni mkubwa wa nyumba kushika waya wa mtoto unapoungwa, ili mtoto akue. Akaweka ungo chini, akafuta mikono kwa kanga, akaja kuushika.

"Bibi, tunaweza kusubiri," fundi alisema.

"Mtoto anatoka jasho, mwanangu. Unga."

Fundi akaunga. Feni ya mtoto ikaanza kuzunguka. Nkwimba akapiga kigelegele kwa mazoea, kisha akakikatiza, kwa sababu chumbani kwa bibi friji ndogo ya insulini ilikuwa imenyamaza.