Leta Hapa Mausi

"Achia, fundi!"

"Siachii!"

"Nakuonyesha mara moja tu—"

"Hata jana ulisema mara—"

"Rangi ya chungwa, fundi? Ukurasa mzima? Unauza makochi au unatangaza hatari?"

Mausi ya kompyuta ilikuwa katikati yao, mkono wa fundi seremala chini, wa mwalimu juu, kama watu wanaoapishwa. Mwalimu alikuwa kijana. Akashinda. Akabofya hapa, akabofya pale, na rangi ya chungwa ikaenda zake. Ikaja buluu iliyofifia, herufi nyembamba kama miguu ya mbu, na picha ya mtu asiyejulikana akiichekea kompyuta.

"Umeona?" mwalimu alisema, jasho likimtoka. "Hapo sasa ubunifu wako umetoka."

Fundi alitazama. Makochi yake hayakuwamo.

Karakana alikuwa ameifunga tangu darasa lianze. Mkewe alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti: arudi na kompyuta. Maana ndivyo ilivyotangazwa. Atakayetengeneza ukurasa wa mtandaoni wa biashara yake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mgeni kutoka kwa wafadhili, anaondoka na mashine aliyoitumia. Na mgeni alikuwa anakuja kesho.

"Ubunifu ni uhuru," mwalimu alipenda kuwaambia. "Jiachieni!" Ukijiachia tu, huyo, kashafika: leta hapa mausi. Ndiyo maana kurasa za msusi, muuza matofali na fundi zilifanana kama watoto wa tumbo moja.

Aliyesuswa ni mama wa mapazia, kule nyuma. Mwalimu hakuwahi hata kukaa karibu naye. Alisimama mbali, mikono mgongoni, macho sakafuni. "Samahani, mama, labda ujaribu tena. Ukipenda." Siku mama alipofuta kazi yake yote kwa bahati mbaya, mwalimu alitoka nje, wakasikia ukuta ukipigwa teke, akarudi anatabasamu. "Hakuna neno, mama. Anza tu upya."

"Kashamkatia tamaa," msusi alimnong'oneza fundi. "Maskini ya Mungu."

Mgeni akaja, mwanamke wa miwani na maneno machache. Akazunguka meza zote, akaisifu buluu. Kisha akamwomba mwalimu asimame mlangoni, na kila mtu afungue ukurasa mtupu, aanze mwanzo.

Fundi aliitazama mausi kama mtoto wa watu aliyeachwa kituoni. Akabofya. Kitu kikafunguka. Akabofya tena, kikajifunga. Muuza matofali alikuwa ameinua mikono kabisa, anasubiri kunyang'anywa. Kule mlangoni, vidole vya mwalimu vilikuwa vinamwasha.

Nyuma, tak, tak, tak. Mama wa mapazia alikuwa anaendelea na yake. Herufi za kijani, kubwa kama za bango la barabarani. Picha ya pazia imelala ubavu. Namba ya simu inawaka na kuzimika kama taa mbovu. Ukurasa ulikuwa mbaya, hakuna wa kubisha. Lakini ulikuwa wake, na ulifunguka.

"Kompyuta hiyo ni yako," mgeni alisema. "Ninyi wengine nitarudi mwezi ujao, mjaribu tena. Ila mama, niambie, wewe alikufundisha nani?"

"Huyo huyo." Mama alimwonyesha kwa kidevu, na mwalimu akainamisha kichwa. "Si ndiye aliyemuoa binti yangu? Sasa mkwe atanipokonya vipi kitu mkononi?"

Darasa zima liligeuka, likamtazama mwalimu. Fundi akasimama, akavua kofia.

"Mwalimu," alisema, "mama mkwe wako anisamehe. Nina binti nyumbani. Nakuomba, kabla ya huo mwezi ujao, uoe na kwangu."