Kiazi cha Kwanza

"Msichimbe hapo!" alipiga kelele Mzee Kondo, lakini kilichomtoka kilikuwa "aaa" na ute kidogo.

"Baba kafurahi," alisema mwanawe Saadi, akaanza kuchimba tuta la mwisho, lile la kando ya kichaka.

Wiki ilikuwa imepita tangu kiharusi kimwangushe na kumnyang'anya kauli na nguvu za mikono na miguu. Jioni ya kuamkia siku hiyo, nguruwe wakiwa wamemchosha kabisa, Kondo alitoboa viazi vya tuta hilo kwa kisu, akavitia sumu, akavifukia tena. Muuzaji alimwapia kwamba nguruwe akionja hatoki shambani. Hakumwambia mtu. Alitaka kukikucha aite nyumba nzima ije kuona mizoga, wajue mzee bado yumo. Kulipokucha wakamkuta yeye, chali mlangoni.

Sasa alilazwa mkekani chini ya mkorosho, akitazama viazi vya tuta lile vikichanganywa na vingine, wajukuu wakiviosha kwa vicheko. Alijibingirisha mpaka mchangani. Wakamrudisha. Akalia.

"Usilie, baba Saadi," alisema mkewe Mwantumu, akimfuta machozi. "Mungu hajatutupa. Tumevuna."

Viazi vikaiva. Kwao mavuno mapya hayaguswi mpaka mwenye shamba aonje. Mwantumu akachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, akampelekea. Kondo akaona ubavuni mwa kiazi hicho kovu la kisu.

Akauma meno. Mkewe akabembeleza, akatania, akakasirika. Kondo hakufumbua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke alijiona ana nguvu: yeye asipoonja, hali mtu. Angekaa hivyo hata siku tatu.

Lakini wajukuu walikuwa hawajatia kitu tumboni tangu alfajiri. Zamda, mdogo wao, akaanza kulia.

"Mama, mguse midomo tu," alisema Saadi. "Itahesabika kaonja. Watoto wale."

Mwantumu akakubali, akakisogeza kiazi.

Kondo akakidaka kwa meno. Akatafuna harakaharaka, akameza, akafumbua mdomo tena, macho yakiwa kwenye mikono ya wajukuu iliyokwisha kunyooshwa kuelekea sufuria.

"Alhamdulillahi!" alisema Mwantumu, akiwarudisha watoto nyuma kwa kiwiko. "Subirini kwanza, wajukuu zangu. Babu yenu ana njaa, mwacheni ashibe."