Sufuria ya Simu

Nyumbani kwa Bi Mashavu, simu zote huingia kwenye sufuria tupu kabla ya ugali kupakuliwa. Kanuni hiyo aliiweka kwa ajili ya mwanawe Hilali, aliyekuwa akila kwa mkono mmoja na kuandika ujumbe kwa mwingine. Hilali walimzika mwezi uliopita, lakini mama yake bado huichaji simu ya mwanawe na kuitia humo ya kwanza.

Walipokuwa wakila, sufuria ikatetema.

“Si yangu,” alisema bintiye, Mgeni.

“Mimi nani anitafute?” alisema baba.

Bi Mashavu akafunua. *Mbona kimya, Hilali? Umeninunia?* Alikuwa Koku, rafiki wa Hilali wa mji wa mbali.

“Rafiki gani hujawahi hata kumwona?” Ndivyo alivyozoea kumsuta mwanawe.

“Mwambie, mama,” alisema Mgeni. “Hajui.”

Bi Mashavu aliishika ile simu mpaka ugali ukapoa. Duniani kote, kwa mtu huyu mmoja Hilali alikuwa bado mzima, amenuna tu.

Akairudisha, akafunika sufuria taratibu, kama afunikavyo chakula cha mtu atakayechelewa.

Sufuria ikatetema tena.