Mashuka ya Zambarau

Nilitua kapu langu nikamfokea yule mchoraji. "Bwana Whitcomb, umeniumbua! Mashuka nimeyafua kwa maji ya majivu mpaka vidole vikachubuka, wewe kwenye picha yako unayapaka zambarau?"

Gari la farasi lilishafika langoni kumpeleka bandarini. Kwao Marekani walimpa kazi ya kufundisha, na picha hii, ya mwisho kijijini kwetu, ilikuwa haijaisha.

"Yatazame yenyewe, mama," akasema.

Nikayageukia pale nyasini nilipoyaanika, nipate kumsuta vizuri. Kivuli cha mtufaha kilikuwa kimeyalalia, na ndani ya kivuli mlikuwa na rangi ya zambarau, hafifu kama ua la kiazi. Miaka yote nafua, sijawahi kuiona.

"Yaanue tu," akasema kinyonge. "Yamekauka, nami nachelewa."

Nikachukua ndoo, nikayamwagia maji yote.

"Haya hayakauki leo," nikamwambia. "Kaa umalize."

Alicheka mpaka akatokwa na machozi. Akamwambia mwenye gari ashushe sanduku, kisha akavua kofia yake ya safari, akanyoosha mkono aitundike kwenye tawi la mtufaha.

"Usiitundike hapo!" nikamfokea. "Utaniharibia kivuli."