Masufuria Matatu ya Kikundi

Ukaguzi wa vyombo hufanywa na watu watatu. Mektilda alihesabu kumi na mmoja.

Walikuwa wanakuja kwa miguu, wamefuatana kwenye kinjia kinachokata shamba la pamba, na hakuna aliyekuwa anaongea. Wanawake wa Migato wakitembea bila kuongea, ujue kuna jambo. Saa ilikuwa tatu na nusu. Ukaguzi ulipangwa saa nne.

Alijaribu tena simu ya mumewe. Iliita mpaka ikakata.

"Yakobo, Yakobo," alisema peke yake kwa hasira. "Umekaa wapi unakunywa chai, na mimi huku nachinjwa?"

Ndani ya stoo kulikuwa na masufuria mawili, yamelazwa kifudifudi juu ya fito. La tatu halikuwepo. Yalikuwa ya kikundi cha kuzikana, ya alumini nzito ya kusubu, na hayakutoka stoo mpaka mtu afe. Mektilda ndiye aliyeyachagua miaka kumi na sita iliyopita. Wenzake walitaka yale mepesi yanayong'aa. Yeye aligonga moja moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akapapasa kitako, akakataa tisa. Tangu siku hiyo hakuna waya wa chuma uliowahi kuyagusa, wala kiporo kulala ndani yake. Aliyethubutu kumwaga maji baridi kwenye sufuria lililotoka motoni alisemwa mpaka akome.

Halafu yeye huyohuyo, mlinzi, akamwazima dada yake wa Mkula lile kubwa kwa sherehe ya kipaimara. Lilirudi limepasuka ubavuni. Maji baridi.

Adhabu ya kupikia sherehe kwa vyombo vya msiba ilijulikana: kutengwa. Hupewi moto, husalimiwi, na ukifiwa unazika mwenyewe. Mwenzao Ndaki alitengwa kwa kosa dogo kuliko hilo, mwishowe akahama kijiji. Mektilda alikuwa na miaka hamsini na minne. Ahamie wapi?

Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri Yakobo alilifunga sufuria nyuma ya pikipiki, akaelekea Bariadi kwa fundi wa gesi anayechomelea rejeta za magari. Hakutaka kwenda. Alisema, ungama tu, tutalipa mbuzi yaishe. Mektilda ndiye aliyemsukuma, tena kwa maneno makali, maana hofu haina adabu.

Wageni waliingia uani. Mbele alikuwa Nyanjige, mwenyekiti wa kikundi na rafiki yake wa miaka mingi. Nyuma yake Fredrick, katibu, mikono mitupu, bila lile daftari lake. Kisha katekista Methodius, ambaye maishani mwake hajawahi kukagua hata kijiko. Wamemleta mtu wa kanisa ili nikidanganya nidanganye mbele yake, aliwaza.

"Mwangaluka, mayu," Mektilda alimwamkia Nyanjige kwa Kisukuma, akimwita mama.

Nyanjige alimtazama tu. Hakuitikia. Hakuna aliyeitikia.

Basi shauri wameshalikata.

Wanawake walimpita kana kwamba nyumba ni yao. Wakaanza kutoa viti sebuleni, kisha meza, kisha kabati la vyombo, vyote nje juani.

"Mnanifilisi?" Sauti ilimtoka nyembamba. "Bila hata kunisikiliza?"

"Kaa chini kwanza, mayu," alisema Fredrick.

"Sikai! Nasema ukweli wote. Sufuria nimeliazima mimi, limepasuka, kosa ni langu. Yakobo hana hatia, alinikataza. Mnitenge mimi, yeye mwacheni."

Methodius alivua kofia. Nyanjige akajipangusa macho kwa ncha ya kanga, na Mektilda akamwonea huruma, maana si rahisi kumhukumu shoga yako.

Hapo Jilala, jirani yao wa upande wa barabara, akaingia uani na sufuria kubwa kichwani. Alilitua taratibu kwenye majani, kamba ya pikipiki iliyokatika ikiwa bado imelizunguka.

Mektilda alilikimbilia. Akapapasa ubavu. Mshono wa fundi ulikuwa laini, umenyooka. Akagonga kwa kifundo cha kidole, likalia vizuri kabisa. Furaha ilimpanda hadi akacheka mbele ya wote, bila haya. Amewahi! Yule mzee mkaidi amewahi!

"Tazameni wenyewe," alisema. "Mwageni maji muone kama litavuja. Na mwenyewe yuko wapi? Kaishiwa mafuta njiani?"



Nyuma ya nyumba mtu alikuwa ameanza kupasua kuni. Wanawake wawili walitoka stoo na yale masufuria mengine, wakayaweka chini, wakaanza kuyajaza maji.

"Hayo mnayapeleka wapi?" aliuliza Mektilda, tabasamu likiwa bado usoni. "Kwani nani kafiwa?"

Nyanjige alimshika mabega kwa mikono yote miwili.

"Hayaendi popote, mayu. Leo yanapika hapa."