Bata wa Papa Waziri

Bata wa Papa Waziri aliingia uani akienda upande upande kama mlevi. Bawa la kulia lilikuwa na manyoya yake yote. La kushoto lilikuwa limenyonyolewa safi, tayari kwa chungu.

Mtaa ukakusanyika. Hakuwa bata wa kwanza wiki ile.

“Ni basoda,” Papa Waziri aliwalaumu askari, machozi yakimlengalenga. “Manyoya banatengeneza nayo dawa ya kuzuia risasi.”

“Basoda bangekula bata muzima,” alijibu jirani yake Mama Kyakimwa, ufagio mkononi. “Huyu mwizi nitamukamata miye mwenyewe.” Nyigu alipita karibu na sikio lake. Mama Kyakimwa hakugeuka hata kidogo. Alikunja kifundo cha mkono, ufagio ukalia fyu, nyigu akaanguka miguuni pa Papa Waziri.

Annette, mke wa mwana wa Mama Kyakimwa, alirudi nyuma hatua moja. Mwizi alikuwa yeye.

Au tuseme alikuwa mmojawapo. Alikuwa amenyonyoa bata wa mama mkwe, mchana watu wakisinzia, akichomoa mabawa yote mawili kwa pupa. Huyu wa leo hakumgusa kabisa. Sasa nani mwingine Kisangani nzima alikuwa na haja ya manyoya ya bata?

Kabla ya vita Annette aliishi kwa badminton. Kiwanda kiliwalipa mshahara yeye na mwenzake Sophie wacheze wawili wawili, na hakuna wanawake mjini waliowaweza. Halafu kiwanda kikafungwa, mume wake Isaïe akakwama Kinshasa, na ndege zikawa zinaleta askari na risasi tu. Volant hazikuja tena, yale manyoya yaliyochomekwa kwenye kizibo ambayo ndiyo mpira wa mchezo huo. Annette akaanza kuzitengeneza mwenyewe. Zilipepesuka hewani vibaya sana, wala hakujua kwa nini.

Kisha aliitwa kwenye redio ya mapadri, ile ya kuzungumza na miji ya mbali. Mama Kyakimwa alimsindikiza, eti asidanganywe. Kocha wa klabu moja ya Kampala alitaka kumwona akicheza. Apande ndege ya Jumamosi, aje na mwenzake. Wakimpenda, watamwajiri.

“Mwenzangu amekimbia mabomu, yuko Banalia,” Annette alisema.

“Basi lete yeyote,” sauti ya kocha ilikwaruza. “Hata awe kisiki, mradi anarudisha volant.”

Mama Kyakimwa aliguna, akatoka nje.

Annette alimjaribu binti wa Papa Waziri, naye akawa anafumba macho kila volant ikija. Alimjaribu Benie muuza mikate, ambaye aliishika raketi kwa mikono miwili akajificha nyuma yake. Hakubaki wa kujaribu.

“Afazali,” alisema mama mkwe. “Mutu muzima anapiga manyoya! Miye masista balinifundisha kushona na kuomba, basi. Kuja soko, mukwe, makayabu haijiuzi yenyewe.”

Makayabu ni samaki wa chumvi, na Annette aliyachukia kwa roho yake yote. Mama Kyakimwa mwenyewe aliiacha meza yake kila mchana akaenda kujifungia katika depo lake tupu nyuma ya soko, kusali rozari ili vita iishe. Alirudi kikwembe kimelowa jasho. Annette aliwahi kujiuliza ni sala gani ile, kisha akaona aibu kumchunguza mtu na Mungu wake.

Ijumaa mchana, volant ya mwisho ilipasuka ukutani. Mwenzake hakuwa naye, na sasa hata cha kupiga hakuwa nacho. Mama mkwe akiwa kwenye sala zake, Annette aliinama akaingia katika banda la bata, akamkumbatia jike mweupe, akashika unyoya.

Mkono ukamdaka.

“Nilijua,” alisema Mama Kyakimwa.

“Mama, unisamehe...”

“Nyamaza. Twende.”

Alimkokota barabarani mchana kweupe. Annette alilia bila kujificha. Aliiona Kampala ikimponyoka, akajiona mbele ya mtaa mzima akimwomba bata msamaha. Lakini walipita mlango wa Papa Waziri bila kusimama, wakapita na soko, wakafika depo. Mama Kyakimwa akafunga mlango kwa komeo. Atanipiga kwanza, Annette aliwaza, ndipo aniite mwizi.

Ndani, kamba ilikuwa imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, na vikwembe vikuukuu vimeanikwa juu yake kwa kimo cha kifua. Sakafuni kulikuwa na mistari ya chokaa.

Mama Kyakimwa alilifungua kopo la maziwa. Lilijaa volant nyeupe, manyoya yake yote yamelala upande mmoja.

“Yako inayumba sababu unachanganya bawa ya kushoto na ya kuume,” alisema. “Miye natwaa ya kushoto tu.” Alivua viatu, akafunga kikwembe juu ya magoti, akatoa nyuma ya magunia raketi ya mbao iliyokuwa nzee kuliko Isaïe. “Masista balinifundisha na hii. Bon. Wewe simama mbele, miye nyuma. Na kule Kampala, bakiuliza miaka yangu, baambie tu niko kisiki.”